Mwinyi ni nani? Jibu kwa msomaji anayetaka kulikata jina la babu yake

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Bagamoyo, ila kwa sasa naishi na kufanya kazi Mwanza. Jina langu la mwisho ni Mwinyi. Kila ninapojitambulisha naulizwa kama nina undugu na marais wetu, na nikisema sina, wengine hudhani najificha. Kazini nikichelewa dakika tano tu naambiwa 'acha umwinyi'. Rafiki yangu aliyesoma historia ameniambia kuwa mamwinyi ndio waliokuwa wenye watumwa, na tangu siku hiyo jina limeniwia zito. Babu mzaa baba aliitwa Mwinyimvua. Baba alipopelekwa shule akaandikwa 'Mwinyi Mvua', maneno mawili, na kwenye vyeti vyangu mimi Mvua haipo tena. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi wa nne. Nimefikiria mtoto nimwandikishe bila Mwinyi. Je, jina hili maana yake hasa ni nini, na nikiliacha nitakuwa nimepoteza kitu?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, kwa kuwa mtoto hangoji.

Kilichopotea kwenu kimeshapotea, nacho si Mwinyi. Ni Mvua. Mwinyi ni nusu ya jina ambayo wanaume wengi wa pwani walikuwa nayo. Mvua ndiyo nusu iliyokuwa ya babu yako. Karani aliyeligawa jina la baba yako, na yule aliyekuja baadaye akaona neno moja latosha, wamewaachieni heshima wakaondoka na mtu. Ukilikata na hilo lililobaki, njia ya kurudi kwa mzee huyo itakuwa imefungwa kabisa kwenye karatasi. Ndiyo maana nakuomba usikate kabla hujasikia jina hili limepita wapi.

Mwinyi na mwenye ni ndugu wa tumbo moja. Zamani watu wengi walisema "mwenyi" pale ambapo leo tunasema "mwenye": mwenyi nyumba, mwenyi mali. Kamusi za karne ya 19 ziliandika hivyo, na lahaja za kaskazini mwa pwani bado husema hivyo. Shina hilo limezaa maneno ambayo tunayatumia kutwa bila kuyatazama usoni. Mwenyekiti ni mwenye kiti. Mwenyezi ni mwenye enzi. Mwenyeji na mwenyewe nao wamo humo humo. Lakini sikiliza tofauti moja. Mwenye halikai peke yake: ukitamka "mwenye" ukanyamaza, mwenzio atakungoja umalizie, mwenye nini? Mwinyi halingojewi. Limesimama kwa miguu yake, kama bwana, kama mzee. Aliyeitwa mwinyi hakuulizwa ni mwenye nini, kwa sababu jibu lilikuwa mbele ya macho ya wote: mwenye mji, mwenye nyumba, mwenye watu wake, mwenye neno barazani.

Wala usidhani neno hili lilishuka na jahazi kutoka Uarabuni, kama nilivyowahi kumsikia mzee mmoja akisema msibani. Ni Kibantu tupu. Wareno walipofika Kongo mwishoni mwa karne ya 15 walimkuta mfalme anayeitwa Mwene Kongo, wao wakaandika Manikongo. Kusini zaidi wakasikia Mwene Mutapa, wakaandika Monomotapa. Wafipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, walimwita mtawala wao mwene, na Wamakua vivyo hivyo. Mwinyi wetu wa pwani ni tawi la mti huo.

Sasa njoo kwenu Bagamoyo, maana mfano bora ninaoujua umetoka huko huko. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten, na sehemu yake kubwa imetokana na maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, na kuanzia mwaka 1900 alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Alifia huko mwaka 1927. Litazame jina lake polepole. Yeye ni Mtoro. Baba yake ni Bakari. Mwinyi ni kile ambacho watu walikitanguliza walipomtaja baba yake, kwa kuwa alikuwa mtu mzima, mwungwana, na si adabu kumtaja mtu wa namna hiyo kwa jina tupu. Kule Ujerumani akajulikana kwa kifupi kama Mtoro Bakari. Heshima ikaanguka, baba akabaki. Kwenu imekuwa kinyume chake: Mvua ameanguka, heshima imebaki. Nikiulizwa kosa lipi ni dogo, nitasema la Berlin.

Hivyo ndivyo lilivyotumika Mrima yote, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Lilikuwa neno la kumtangulia mtu, si jina la ukoo. Mwinyi Bakari, Mwinyi Juma, Mwinyi Kombo, Mwinyi Haji. Mtaa mmoja ungeweza kuwa na mamwinyi kumi wasiokuwa na tone la damu moja, kama ambavyo leo ofisi moja ina akina mzee kumi.

Lilipogeuka kuwa sehemu ya jina lenyewe, liligeuka kwa njia ya wajukuu. Mtoto wetu hupewa jina la babu. Babu alikuwa akiitwa Mwinyi Juma mchana na usiku, hata watoto wake hawakupata kumsikia akiitwa Juma peke yake. Akizaliwa mjukuu wa kiume anaitwa Mwinyijuma, lote, tangu siku ya saba. Hakuna aliyekuwa anampa mtoto mchanga cheo. Alikuwa anapewa babu yake mzima mzima. Kuanzia hapo maneno mawili yakawa moja, na kwa kuwa ulimi wa pwani hauna subira na silabi ndefu, yakaanza kufupishwa. Mwinyijuma akawa Mwinjuma. Mwinyishehe akawa Mwinshehe.

Hapo utaona kuwa akina Mwinyi ni wengi kuliko wanaojijua. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano aliyefariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya, alikuwa na mwinyi katikati ya jina lake, na nyimbo zake zimepigwa Mwanza, Mombasa na Lubumbashi bila mtu kulitambua. Hamis Mwinjuma, mbunge wa Muheza ambaye vijana wanamjua zaidi kama MwanaFA, naye ni mwenzio. Dar es Salaam, Barabara ya Mwinjuma ya upande wa Kinondoni na Mwananyamala imebeba jina hilo hilo lililofupishwa. Upande wa pili wapo wanaolitumia Mwinyi kama jina la kwanza kabisa, peke yake. Wapenzi wa mpira watamkumbuka Mwinyi Kazimoto, kiungo wa Simba na Taifa Stars. Kwa hiyo neno moja limekuwa cheo, limekuwa heshima, limekuwa kichwa cha jina, limekuwa jina la kuzaliwa, na kwenye vyeti vyako limekuwa jina la mwisho.

Wanawake nao walikuwa na lao. Mahali ambapo mwanamume alitanguliziwa mwinyi, mwanamke alitanguliziwa mwana. Hilo si mwana wa kuzaliwa. Ni mwana wa kuheshimiwa, bibi wa nyumba. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliitwa hivyo kwa heshima hiyo. Watu wa Mombasa humtaja Mwana Mkisi, malkia wa kale wa mji wao. Heshima hii nayo iligandana na majina: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanakombo, Mwanaidi, Mwanahawa. Yaweke majina haya pembeni ya yale ya wanaume uone yanavyokwenda jozi jozi. Mwinyijuma na Mwanajuma. Mwinyikombo na Mwanakombo. Mwinyishehe na Mwanashehe. Jozi hizi nilizianza kuziandika kwenye daftari nikiwa mwalimu kijana, kila nilipoita mahudhurio darasani, na mpaka leo zinanifurahisha kama siku ya kwanza.

Unguja neno lilipanda juu zaidi. Kabla ya enzi ya masultani wa Kiomani, na hata ndani yake, wenyeji wa kisiwa, hasa Wahadimu, walikuwa na mtawala wao aliyeitwa Mwinyi Mkuu. Huyu alikuwa mmoja tu kwa wakati mmoja. Tumbatu walikuwa na sheha wao na Pemba madiwani wao, yaani watawala wa kale, si madiwani wa leo. Magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu yapo Dunga mpaka leo, katikati ya kisiwa; lilijengwa katikati ya karne ya 19 na Muhammad bin Ahmed, aliyefariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed naye alifariki mwaka 1873, na baada yake hakuwekwa Mwinyi Mkuu mwingine. Ngoma na siwa, zile pembe kubwa za kupulizwa, za enzi hiyo zikaishia makumbusho. Nakueleza haya ili utofautishe: kuna Mwinyi Mkuu, ambacho ni cheo kilichokwisha mwaka 1873, na kuna mwinyi wa baraza, wa mtaa, wa shamba la minazi, ambao walikuwa maelfu. Babu yako, kwa jina lake na kwa mahali alipotoka, alikuwa katika hao wa pili.

Kaskazini, Lamu, nako lina sura nyingine. Huko "Mwenye" hutangulizwa kwenye majina ya masharifu, watu wa nasaba ya Mtume, kama yule mwanachuoni mshairi anayekumbukwa kwa jina la Mwenye Mansab. Ukienda Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, utalikuta limevaa tahajia ya Kifaransa: Mouigni. Mouigni Baraka Said Soilihi, aliyekuwa gavana wa Ngazidja na kugombea urais wa Komoro mwaka 2016, kwa masikio yetu ni Mwinyi Baraka. Mtu wa Bagamoyo akifika Moroni akayasoma majina hayo kwa macho hatayatambua. Akiyasikia yakitamkwa, atageuka.

Sasa niingie kwenye lile lililokulemea, la watumwa. Sitakuficha wala sitakuongezea.

Katika karne ya 19 watu wa Mrima walikwenda bara na misafara ya pembe za ndovu, na walikwenda na heshima zao. Stanley alipopita Ujiji alimkuta Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, ndiye mkubwa wa mji. Yeye akaandika Muini Kheri. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Nyangwe katika Maniema, Kongo ya leo, alikuwapo Mwinyi Dugumbi, na baada yake akatamba Mwinyi Mohara, ambaye Wabelgiji waliandika Munie Mohara na ambaye aliuawa katika vita vyao mwaka 1893. Hawa walikuwa wafanyabiashara wa pembe na wa watu. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu waliofuatana na wafanyabiashara hao wakiwamiminia risasi wanawake sokoni, na wengi wakafa maji wakijaribu kuvuka mto. Hayo yalitendeka, na miongoni mwa waliotenda walikuwamo walioitwa mwinyi. Rafiki yako hakusema uongo.

Alichokosea ni kuruka kutoka hapo hadi kwa babu yako. Jina halithibitishi kitendo. Mwinyi alikuwa tajiri wa Nyangwe, na mwinyi alikuwa mvuvi mzee mwenye ngalawa moja aliyeheshimiwa kwa kujua kusoma khitma. Tena liko jambo ambalo watu huwa hawalitaji. Utumwa ulipokomeshwa, Unguja kwa amri ya mwaka 1897 na Tanganyika kwa sheria ya mwaka 1922, waliokuwa watumwa na watoto wao hawakuyabakiza majina waliyobandikwa na mabwana. Wengi walijichagulia majina ya kiungwana, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kuwazuia. Katika majina ya pwani ya leo, yule ambaye babu yake alimiliki watu na yule ambaye babu yake alimilikiwa wanaweza kuwa na jina lile lile. Mimi nikimwona mtu ana jina la mwinyi sijui yuko upande gani wa mambo hayo, na sithubutu kukisia. Ukitaka kujua, itakubidi uulize watu wa kwenu, na uwe tayari kupokea jibu lolote.

Hilo la "acha umwinyi" lina njia yake. Kutoka kwenye mwinyi, mtu wa heshima, Kiswahili kilitengeneza umwinyi, hali ya mtu huyo. Mwanzoni halikuwa tusi. Lakini bwana mwenye watu wa kumfanyia kazi hakushika jembe, na anayetazama kutoka shambani huona hilo kabla ya mengine. Nchi ilipoingia kwenye siasa ya ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tulihitaji maneno ya kuwaita wale wanaokula jasho la wengine. Ubepari na ukabaila yalikuwamo ndani ya Azimio lenyewe. Umwinyi likaingia safu hiyo hiyo mikutanoni na madarasani, na mamwinyi wakawekwa benchi moja na makabaila na mabwanyenye. Nikiwa mwanafunzi niliimba nyimbo za kuwalaani mamwinyi nikiwa nimesimama pembeni ya kijana aitwaye Mwinyihaji, ambaye baba yake alikuwa mkwezi wa minazi na hakuwahi kumiliki mnazi mmoja. Yule kijana aliimba nasi, macho yake yakiwa chini. Nimemkumbuka nilipoisoma barua yako.

Neno likatoka mikutanoni likaingia mitaani, likapoteza ukali wake, likawa la kumtania yeyote anayejivuta. Ukiwa bara linaongezewa ile dhana kwamba watu wa pwani hawapendi kazi, dhana ambayo aliyewahi kuamka saa tisa usiku kwenda kuvua na bamvua hawezi kuwa nayo. Wenzako kazini huenda hawana nia mbaya. Lakini nakuelewa: wao wanatamka neno, wewe unasikia jina la babu.

Nchi hiyo hiyo iliyolifanya umwinyi kuwa lawama, mwaka 1985 ilimpata rais aitwaye Ali Hassan Mwinyi. Kabla yake, Januari 1984, alikuwa ameshika urais wa Zanzibar alipojiuzulu Aboud Jumbe. Sijawahi kumsikia mtu akilisema hili: Jumbe na Mwinyi, yote mawili ni maneno ya vyeo vya kale vya pwani hii. Jumbe alikuwa mkuu wa mji au kijiji, na Wajerumani wakalichukua neno hilo wakalitia kwenye utawala wao pamoja na akida na liwali. Majina mawili ya vyeo vya kale yakapokezana cheo kipya.

Na kama mtu atakuletea tena habari ya umwinyi kwa maana ya uvivu, mweleze kuwa mwenye jina hilo aliyefahamika kuliko wote alikuwa mwalimu wa shule. Alifundisha Mangapwani, akawa mkuu wa shule, kisha mkuu wa chuo cha ualimu Unguja. Tena mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko huko mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ingawa yeye hakuwa amegusa mtu. Wazee wa mji unaoishi sasa wanalikumbuka tukio hilo. Waulize.

Je, ni ndugu zako? Ali Hassan Mwinyi alizaliwa Kivure, Mkuranga, tarehe 8 Mei 1925, akapelekwa Unguja akiwa mdogo kusoma, na amezikwa Mangapwani Machi 2024. Asili yake ni pwani ile ile ya bara mnayotoka nyinyi, kwa hiyo sitasema haiwezekani kabisa. Ila jina pekee haliwezi kuwa ushahidi. Litazame lilivyopangwa: Ali ni yeye, Hassan ni baba yake, Mwinyi ni la juu ya baba. Ni ngazi ya vizazi, kama majina yetu yote yalivyokuwa. Kwa utaratibu huo mwanawe angeitwa Hussein Ali Hassan, na Mwinyi angekuwa ameshatoka kwenye majina matatu. Lakini rais wa Zanzibar aliyeingia mwaka 2020 tunamwita Hussein Ali Mwinyi, au kwa urefu Hussein Ali Hassan Mwinyi. Ngazi imesimama. Jina la juu halisogei tena kila kizazi. Limekuwa jina la familia. Jambo hilo limetokea kwenye nyumba nyingi za Tanzania katika miaka hamsini iliyopita, kwa sababu ya shule, pasi na vitambulisho vinavyouliza jina la ukoo kana kwamba kila mtu alizaliwa nalo. Limetokea kwao na limetokea kwenu, kila nyumba kivyake. Wao limesimamia kwa Mwinyi wao. Nyinyi limesimamia kwa nusu ya Mwinyimvua wenu.

Kwa hiyo ukiulizwa, usijibu "sina undugu nao," maana jibu hilo linamwacha mtu na shaka. Sema, "Babu yangu ni Mwinyimvua," na utaje kijiji. Mtu wa pwani ataelewa papo hapo kuwa unazungumzia mtu mwingine. Wa bara atauliza maana yake, na utakuwa na la kumwambia.

Undugu wa kweli, kama unautafuta, hauko kwenye jina la mwisho. Uko kwenye orodha ya marehemu inayosomwa siku ya khitma, ambapo shangazi hakubali jina hata moja lirukwe. Uko kwenye ndoa, pale nasaba inapotajwa, fulani bin fulani bin fulani. Uko kwenye mipaka ya mashamba: nani alipewa minazi ipi na kwa nini, maana wazee hawakumgawia mtu baki minazi. Na uko makaburini. Nenda nyumbani kabla ya mwezi wa nne, kaa na mtu mzima aliyebaki, na umwombe vizazi saba juu ya baba yako. Huenda ukapata vinne. Viandike vyote kama anavyovitamka, bila kusahihisha, na kama babu yake babu naye alikuwa Mvua au alikuwa mwingine kabisa, utajua hapo.

Sasa hati za mtoto. Usianze kwa kubadili jina lako mwenyewe. Ukirekebisha cheti cha kuzaliwa ukaacha kitambulisho, vyeti vya shule na hati za kazi, utakuwa watu wawili mbele ya kila dirisha. Nimewaona waliohangaika miaka na mafao yao kwa ajili ya herufi moja tu. Kama unataka kurudisha Mvua kwenye jina lako, lifanye kwa wakili, kwa hati moja ya kubadili jina, kisha utembee nayo ofisi zote mpaka zilingane. Hilo linaweza kungoja.

La mtoto halihitaji mzunguko huo. Jina lake la kwanza ni lako na la mama yake kulichagua, na hakuna anayewadai cheti cha zamani ili mlitoe. Akiwa wa kiume, mpe Mwinyimvua, jina la mzee mzima, jinsi mjukuu na kitukuu walivyokuwa wakipewa. Liandike wewe mwenyewe kwa herufi kubwa kwenye karatasi kabla hujamkabidhi karani, neno moja, bila nafasi katikati, na ukipewa cheti kisome kabla hujaondoka dirishani. Majina mengine mawili yabaki kama yalivyo kwenye hati zako, ili mtoto na baba walingane. Mwinyi litakuwamo mara mbili, mwanzoni na mwishoni, na kwangu hilo si kasoro: la mwanzo ni la babu yako, la mwisho ni la karani.

Na akizaliwa wa kike, msibabaike. Mwezi wa nne kwetu pwani ni katikati ya masika, na kwa mtoto wa masika jina lake lipo tangu zamani, ni lile lile la babu yako kwa upande wa wanawake. Anaitwa Mwanamvua. Nalo huandikwa neno moja.